Tisa na kumi: ubishi wa dadu tatu Nkuhungu

Chukua dadu tatu za kawaida, zirushe pamoja, jumlisha. Jumla ndogo kabisa ni 3, kubwa kabisa ni 18. Ukitakiwa kuchagua kati ya 9 na 10 kabla hujarusha, utachagua ipi, na utatetea vipi uchaguzi wako?

Swali hilo liliwagawa wanafunzi wa Kidato cha Nne ninaowafundisha hisabati jioni huku Nkuhungu, Dodoma. Ninalieleza kwa urefu kwa sababu ya namna lilivyowagawa. Upande mmoja ulikuwa na hoja iliyopangwa vizuri, ikaishia kwenye jibu baya. Upande wa pili ulikuwa na jibu sahihi, lakini ushahidi wake haukuwa na uzito wa kulibeba. Mwalimu mwenye haraka angeweka alama ya vema kwa mmoja na ya kosa kwa mwingine, kisha angeendelea na ubao. Angempongeza mtu kwa kazi ambayo hajaifanya, na aliyefanya kazi angeondoka akiamini kwamba kufikiri hakulipi.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Italia ya Enzi za Kati waliuita zara, na mshairi Dante anautaja mwanzoni mwa wimbo wa sita wa shairi lake Purgatorio, katika karne ya 14. Anaeleza mchezo unavyomalizika: mshindi anaondoka huku watu wakimzonga, na aliyeshindwa anabaki pale pale akiirudia mirusho kichwani na kujifunza kwa uchungu. Kanuni ni fupi mno. Dadu ni tatu. Kabla hazijatua unataja namba. Namba yako ikitoka, umeshinda.

Niliutafuta kwa sababu ya kutoridhika na njia yangu ya kawaida ya kuingia kwenye mada ya uwezekano. Tunaanza na sarafu moja, tunakwenda kwenye dadu moja, halafu mfuko wenye mipira myekundu na myeupe. Mwanafunzi anajifunza kuweka namba juu na namba chini, anapata alama zake, na hajawahi kukutana na swali linalomzuia. Dadu moja haina mtego: pande zake sita zina nafasi sawa, kila mtu anaona. Mtego unaanza pale vitu viwili au vitatu vinapotokea kwa pamoja nasi tukaangalia jumla tu. Nilitaka mchezo ambao mtoto atajumlisha tangu mrusho wa kwanza, na ambao kujumlisha huko huko kutamfikisha kwenye jambo asilolitarajia. Zara ina sifa hiyo. Haihitaji ubao wala karata, na kanuni yake mtu anaielewa kabla hujamaliza kuieleza.

Dadu zilitoka kwenye maboksi ya ludo. Badala ya fedha tulitumia mbegu za ubuyu, ambazo Dodoma hazimpi mtu shida kuzipata. Kila mmoja alianza na idadi sawa, akataja namba yake kwa sauti, akarusha, akajumlisha mbele ya wenzake. Ikitoka aliyoitaja, kila mchezaji anampa mbegu moja. Isipotoka, anaweka mbegu moja kwenye sahani ya katikati na zamu inahama.

Mwanzoni walitaja namba ovyo. Mmoja aling'ang'ania 18 kwa sababu ndiyo kubwa, akamaliza mbegu zake mapema. Mwingine alitaja 3 hadi alipochoka. Haikupita muda mrefu wakawa wamejisogeza wenyewe katikati, kwenye 9, 10, 11 na 12, bila mimi kusema neno. Hatua hii ninaithamini sana, na nadhani walimu wengi tunaiharibu kwa kuwahi kueleza. Mtu aliyepoteza mbegu zake kwa kutaja 18 haihitaji sentensi yangu ya kumwambia kwamba 18 ni ngumu kupatikana.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Binti mmoja alikuwa anataja 10 kila zamu. Kijana aliyekaa mkabala naye alikuwa anataja 9, na hakupenda kuambiwa kwamba amechagua vibaya.

"Kumi inatoka sana," binti alisema. "Nimeandika kwenye daftari. Mwalimu, angalia mwenyewe."

"Umeandika za leo tu," kijana akajibu. "Mimi nimehesabu. Tisa ina njia sita. Kumi ina njia sita. Itatokaje zaidi?"

Nikamwomba aje ubaoni aziandike. Aliandika bila kusita. Kwa 9: 1+2+6, 1+3+5, 1+4+4, 2+2+5, 2+3+4, 3+3+3. Kwa 10: 1+3+6, 1+4+5, 2+2+6, 2+3+5, 2+4+4, 3+3+4. Sita kwa sita. Hakuacha hata moja, hakurudia hata moja. Wenzake wakazipitia wakitafuta ya saba upande wowote, wasiione, kwa sababu haipo.

Kwa mtu wa umri wake ile ilikuwa kazi safi. Alichukua swali la bahati akaligeuza kuwa swali la kuhesabu, na ndivyo fani hii yote ilivyoanza. Akapanga seti zake kwa utaratibu ili asiruke kitu. Akasema wazi hitimisho lake na sababu yake, hivyo mtu yeyote anayempinga alijua pa kushika. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo imejificha mahali ambapo watu wakubwa kuliko sisi sote waliikanyaga. Gottfried Leibniz, mmoja wa wagunduzi wawili wa kalkulasi, aliandika kwenye barua ya mwaka 1714 kwamba kwa dadu mbili kupata 12 ni rahisi sawa na kupata 11, kwa kuwa kila moja ina njia moja tu: sita na sita, tano na sita. Hoja yake ni ile ile ya kijana wa Nkuhungu, ila kijana alikuwa na dadu moja zaidi. Nilimweleza habari ya Leibniz siku ile ile, mbele ya wenzake, na ningemshauri mwalimu mwingine afanye hivyo. Mwanafunzi akijua kwamba kosa lake lina historia na lina watu wenye majina ndani yake, analichunguza badala ya kulifunika.

Kasoro yenyewe ni hii. Alihesabu seti akidhani kila seti ina uzito mmoja. Lakini dadu ni tatu, kila moja inatua kivyake, na seti moja inaweza kutokea kwa mipangilio kadhaa.

Tulichukua dadu moja tukaipaka rangi ya kucha nyekundu, ya pili tukaipaka wino wa bluu, ya tatu ikabaki nyeupe. Sasa 1+2+6 ikawa na sura nyingi: nyekundu 1, bluu 2, nyeupe 6, au nyekundu 1, bluu 6, nyeupe 2, na kuendelea hivyo hadi mipangilio sita. Seti yenye namba mbili zinazofanana, kama 1+4+4, ina mipangilio mitatu tu, kwa sababu kinachohama ni ile 1 peke yake. Na 3+3+3 ina mpangilio mmoja, uhamishe upendavyo.

Kijana alipinga, na pingamizi lake lilikuwa la maana. "Lakini, Mwalimu, kupaka rangi hakuibadilishi dadu. Zikiwa nyeupe zote, moja-mbili-sita ni moja-mbili-sita tu."

Ni kweli, rangi haibadilishi kitu. Dadu haijui imepakwa nini, na zara inayochezwa kwa dadu zilizopakwa itatoa matokeo kwa viwango vile vile vya zara inayochezwa kwa dadu nyeupe. Kama ni hivyo, basi ile mipangilio sita ilikuwepo hata kabla ya rangi. Ilikuwa inatupita machoni. Binti mwingine alimwelewesha vizuri kuliko mimi: mgeni akiwakuta mapacha Kulwa na Doto wamekaa kwenye viti viwili na sare za shule, ataona picha moja tu, lakini mama yao anajua kuna namna mbili za kukaa. Kijana akanyamaza, akarudi ubaoni, akaanza kuandika namba pembeni mwa kila seti.

Kwa 9, kwa mpangilio ule ule wa seti zake: 6, 6, 3, 3, 6, 1. Jumla 25.

Kwa 10: 6, 6, 3, 6, 3, 3. Jumla 27.

Mipangilio yote ya dadu tatu ni 6 mara 6 mara 6, yaani 216. Kwa hiyo 10 inapata nafasi 27 kati ya 216, ambayo ni moja kwa nane kamili. Tisa inapata 25. Kinachoiangusha 9 hasa ni ile 3+3+3, seti inayoonekana ubaoni kama wenzake watano, lakini ina mpangilio mmoja tu. Kumi haina seti ya namna hiyo, kwa sababu 10 haigawanyiki kwa 3.

Hesabu hii kwa wino ina umri mkubwa. Shairi refu la Kilatini la karne ya 13 tayari lilikuwa limeeleza kwamba dadu tatu zina seti 56 na mipangilio 216. Mtu anaweza kulihakiki mwenyewe: seti zenye namba tatu zinazofanana ni 6, zenye mbili zinazofanana ni 30, zenye namba tofauti zote ni 20, na 6×1 + 30×3 + 20×6 ni 216. Hata hivyo maarifa hayo hayakuenea. Mfafanuzi mmoja wa kale wa Dante, akieleza mchezo huu huu wa zara, alisema jumla ya 4 inapatikana kwa njia moja tu, 1+1+2. Kwa mipangilio ni tatu. Mwanzoni mwa karne ya 17 swali la 9 na 10 likamfikia mwanasayansi wa Italia, Galileo Galilei, naye akaliandikia maelezo mafupi yenye jedwali, akifikia 25 na 27. Anasema wazi kwamba wachezaji, kwa kuangalia kwa muda mrefu, walikuwa wameona 10 na 11 zina faida kuliko 9 na 12, ingawa kwa seti zote zinaonekana sawa. Waliomletea swali walikuwa wamesimama pale pale waliposimama wanafunzi wangu, kati ya daftari la binti na ubao wa kijana.

Kisa kingeweza kuishia hapo, na darasani mara nyingi huishia hapo: binti ameshinda, kijana amesahihishwa, fungua ukurasa unaofuata. Mimi naona hapo ndipo sehemu yake muhimu zaidi inapoanza, kwa sababu daftari la binti lilikuwa bado mezani.

Alikuwa ameandika mirusho ya jioni ile, na kweli 10 ilikuwa imetangulia mbele ya 9 kwa tofauti ya kuonekana. Baada ya hesabu ya ubaoni akalionyesha daftari kwa wenzake kama uthibitisho. Nikamwuliza: tofauti ya 27 na 25 ni ngapi? Mbili kati ya 216, yaani moja kati ya 108. Maana yake ukirusha dadu tatu mara 100, unatarajia 10 itoke kama mara 12 na nusu, na 9 kama mara 11.6. Tofauti haifiki hata moja. Lakini bahati peke yake, katika mirusho 100, huyumbisha tofauti hiyo kwa tano hivi, huku au kule. Ukirudia mashindano ya mirusho 100 mara nyingi, karibu mara mbili katika kila tano utaona 9 ndiyo inayoongoza.

Kwa hiyo daftari lake halikuthibitisha chochote. Siku nyingine lingeweza kuonyesha kinyume, na angekuwa na ujasiri ule ule upande wa pili. Tulipiga hesabu ya mirusho inayotakiwa ili tofauti ya 9 na 10 ijitenge na kuyumba kwa bahati: ni zaidi ya 11,000. Ukirusha, ukajumlisha na ukaandika kwa sekunde 10 kila mara, bila kupumzika, ni kama saa 30. Mcheza dadu wa Firenze, mji wa Italia, aliyekaa mezani miaka kwa miaka angeweza kufika huko, na ninaamini wale wa Galileo walikuwa watu wa aina hiyo. Jioni moja ya Nkuhungu haifiki.

Nilimweleza binti hivi kwa upole, kwa kuwa ni jambo gumu kupokea: jibu lako ni sahihi, na sababu uliyokuwa nayo haikutosha. Aliuliza kitu ambacho kila mtu angekiuliza. "Sasa tutajuaje kama hesabu ya ubaoni ni ya kweli, kama kurusha hakuonyeshi?"

Hilo ni swali la haki. Mimi pia sitaki mwanafunzi aikubali mipangilio 216 kwa sababu tu mwalimu kasema, au kwa sababu Galileo kasema. Suluhisho tulilipata kwa kurudi nyuma hatua moja, kwenye kosa la Leibniz. Ikiwa Leibniz ana haki na seti ndizo zenye uzito sawa, basi kwa dadu mbili 11 na 12 zitatoka sawasawa. Ikiwa mipangilio ndiyo yenye uzito sawa, 11 ina miwili kati ya 36 na 12 ina mmoja, hivyo 11 itatoka mara mbili ya 12. Tofauti ya namna hii haijifichi nyuma ya bahati. Mirusho kama 430 inatosha kuiweka wazi. Kwa mirusho 432 unatarajia 12 itoke mara 12 na 11 itoke mara 24.

Wakagawana wawili wawili. Kila jozi ikachukua dadu mbili na kurasa zake, mmoja akirusha na mwenzake akiandika, halafu wanabadilishana. Wakati wanarusha nilipita nikiwasikiliza, na niliona kitu kizuri pembeni ya somo lenyewe: kujumlisha kulikuwa kumekuwa kwepesi. Wale ambao awali walihesabu vitone kimoja kimoja kwa kidole walikuwa wanataja jumla dadu zikiwa bado zinajiviringisha. Tulipokusanya kurasa zote, 11 ilikuwa imeiacha 12 mbali, karibu na ile mara mbili. Si katika kila jozi. Jozi moja ilipata 12 nyingi kuliko 11, na tulizungumza kuhusu jozi hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu wenyewe walidhani wamekosea kurusha. Hawakukosea. Walikuwa na mirusho michache tu, na bahati ilipata nafasi ya kusema peke yake. Walipoingizwa kwenye jumla ya darasa, kurasa zao zilifanya kazi kama za wengine.

Kwa njia hiyo tuliijaribu kanuni mahali inapoweza kujaribiwa kwa jioni moja, kisha tukaitegemea mahali ambapo kuijaribu kungetaka saa 30. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu cha thamani zaidi ambacho zara inaweza kumpa mwanafunzi, na kinapotea kabisa tukimwachia aondoke akidhani daftari la jioni moja lilimpa jibu.

Sehemu nyingine ya kisa hiki ilikuja siku chache baadaye, na nisingependa kuipita harakaharaka kwa kuwa mwalimu yeyote wa hapa kwetu atakutana nayo. Mama wa mmoja wa wanafunzi, mwenye genge la mboga na nyanya, alikuja kuniona.

"Mwalimu, habari za kazi. Nina neno, usinielewe vibaya."

"Nzuri, mama. Karibu ukae."

"Mwanangu anarudi nyumbani anaongelea dadu. Kwetu dadu ni kamari, na kamari haiingii nyumbani kwangu. Nimemleta hapa asome."

Alikuwa na sababu. Zara ilichezwa kwa fedha, na miji ya Italia iliiwekea sheria kwa sababu hiyo. Kwetu michezo ya kubahatisha inasimamiwa na sheria ya mwaka 2003, na mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Na huyu mama hakuwa anasumbuliwa na historia. Anawaona kila siku vijana wanaohesabu mikeka ya mpira kama mshahara. Nilimwonyesha mbegu za ubuyu, nikamwonyesha daftari la mwanawe lenye seti na mipangilio. Akalitazama kwa makini, kisha akauliza swali ambalo darasa zima halikuwa limeuliza.

"Kama amejua kumi inatoka zaidi, si ndiyo kesho ataenda kuchezea hela, akijiona anajua?"

Tukalifanyia hesabu pale pale. Tuseme kuna mtu ameweka meza ya dadu tatu. Unaweka shilingi 1,000 kwenye 10. Ikitoka anakupa 7,000, ile 1,000 yako ikiwa humo humo. Isipotoka, 1,000 yako imekwenda. Elfu saba kwa elfu moja inasikika tamu. Lakini 10 inatoka mara moja katika nane. Katika mizunguko minane, kwa wastani, umetoa 8,000 na umerudishiwa 7,000. Mama wa genge hakuhitaji nimalizie.

"Kwa hiyo kila elfu yangu, yeye anabaki na mia na ishirini na tano."

"Ndiyo, mama. Na hiyo ni kwenye 10, namba iliyo bora. Ukiweka kwenye 9 kwa malipo hayo hayo, anabaki na karibu 190."

"Na meza ni yake, kwa hiyo malipo anapanga yeye."

Aliweka masharti mawili: fedha isionekane kabisa karibu na mchezo, na dadu zibaki kwangu, zisiende nyumbani na watoto. Niliyakubali yote mawili na bado nayafuata. Naona alikuwa sahihi kuyaweka, na naona pia kwamba hesabu ya elfu saba inapaswa kufundishwa pamoja na ile ya 25 na 27, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Kijana anayejua 10 ni bora kuliko 9 bila kujua kwamba 10 nayo inamla amepewa nusu ya somo, na ni ile nusu inayoweza kumponza.

Tangu hapo mchezo umeendelea kuzaa maswali bila kusukumwa. Lililonifurahisha zaidi lilitoka kwa binti yule yule wa daftari. Alikuwa anauliza kama lazima ahesabu upya kwa 11 na 12, au kuna njia fupi. Nikamwambia ageuze dadu aangalie upande wa chini. Pande mbili zinazotazamana kwenye dadu hujumlishwa kuwa 7. Dadu tatu, juu na chini, zinafanya 21. Kwa hiyo kila mara juu panaposema 10, chini panasema 11, na juu panaposema 9, chini panasema 12. Akaandika mwenyewe: 11 ina 27, 12 ina 25. Kwa hila hiyo jedwali lote la dadu tatu lilikamilika kwa kuhesabu nusu yake tu. Kuanzia 3 hadi 10 ni 1, 3, 6, 10, 15, 21, 25, 27, kisha linarudi nyuma lile lile hadi 18.

Kijana wa 9 yeye alitaka dadu nne. Mipangilio ni 1,296, na nilidhani atachoka. Hakuiandika. Alisema dadu ya nne ikionyesha 1, tatu zilizobaki lazima zifanye 13; ikionyesha 2, zifanye 12; na kushuka hivyo hadi 6, ambapo zinafanya 8. Basi akachukua jedwali la binti, akajumlisha 21, 25, 27, 27, 25 na 21, akapata 146 kwa jumla ya 14. Kwa 13 akajumlisha kuanzia 7 hadi 12, akapata 140. Safari hii alizijumlisha mara mbili kabla ya kuniita, na zote mbili ni sahihi.